Gari la Viti Viwili

Jumapili, tarehe 2

Mdogo wangu mpenzi, Bibi Sabuni,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku wazima, ila joto tu. Juzi karani mmoja ofisini kwetu alivua viatu akatia miguu kwenye ndoo ya maji huku anahudumia wateja wa bima, na meneja hakusema neno kwa sababu na yeye alikuwa anaitamani hiyo ndoo.

Barua yako niliipata. Kwanza hongera! Mwaka mzima wa mafunzo, tena kwa gharama ya hospitali, si mchezo. Mashuka umefua ya kutosha. Nenda kasomee hiyo mitambo ya kutakasa vyombo vya upasuaji, urudi na wewe uitwe mkubwa. Kuhusu Mzee, mdogo wangu, nimelala nalo na nimeamka nalo. Ni baba yetu, ningependa sana aje kwangu. Lakini nyumba yenyewe unaijua, ndogo, na wifi yako, nikwambie ukweli, hataki. Mwanamke ni mwema, ila mgonjwa wa kiharusi ndani ya nyumba si jambo dogo, simlaumu. Jaribu kumuuliza Shangazi, au mtafutie Mzee mtu wa kukaa naye hapohapo. Damu ni nzito kuliko maji, hatuwezi kumtupa.

Sasa la pili, gari la Mzee. Chongo. Mzee haendeshi tena, na gari la spoti likikaa bila kuendeshwa linajifia. Siku zote alisema litakuwa langu. Nimelijengea banda, ungeliona ungecheka kwa furaha: sakafu ya saruji iliyopakwa rangi, madirisha mawili ya wavu, dari chini ya bati ili jua lisipenye, na feni ya ukutani. Fundi aliyejenga aliniambia, bosi, humu hata mtu angelala. Jumamosi tarehe 15 nimealika wenzangu wa ofisini waje kuliona likiingia. Chuo chako kiko mbele ya kwetu, njia ni hiyohiyo, basi niletee halafu uendelee na basi lako.

Nisikilize vizuri. Usitembee usiku, ile taa moja ya mbele bado haifunguki, si bure tunaliita Chongo. Mshale wa joto ukipanda, usibabaike: fungua hita ya ndani mpaka mwisho, itavuta joto kutoka kwenye injini. Utaungua kidogo, lakini injini itapona. Viti ni ngozi halisi, tandika shuka. Na usimpe mtu lifti, kiti cha abiria mshono wake umeanza kuachia.

Kaka yako

*

Alhamisi, tarehe 6

Kaka,

Barua yako nimeisomea chumba cha kufulia, nimesimama kati ya pipa la mashuka ya wodi ya wazazi na pipa la wodi ya majeruhi. Kazi yangu unaijua. Mikono hii imeshika vitu ambavyo wewe ukiviona hutakula wiki nzima, na mchana nakula mkate wangu palepale mlangoni, unashuka vizuri. Mimi sioni kinyaa ovyo. Lakini nilipofika kwenye dari na feni ya ukutani, nilitema mkate.

Feni, Kaka! Gari linapepewa!

Hivi unakumbuka siku Mzee alipolileta? Nyumba ya watu wanne, gari la watu wawili. Mama alikuwa anarudi sokoni kwa miguu na kapu kichwani, mnampita nyie wawili mmevaa miwani ya jua, honi pii pii, vumbi lote linabaki naye. Mimi sikuwahi kukalia kile kiti hata gari likiwa limezimwa. Eti nina miguu ya vumbi. Ile harufu ya petroli na ngozi na mafuta ya nywele ya Mzee bado inanipiga puani kila nikifungua ule mlango.

Na hiyo damu yako nzito kuliko maji, mwenzio kila siku ya Mungu naitoa kwa maji, kwa hiyo usinifundishe.

Lakini sawa, nitalileta. Jumamosi tarehe 15 nitakuwa mlangoni kwako kabla jua halijazama. Waalike hao wenzako. Na Wifi naye awepo, nina maneno naye.

Dobi

*

Jumatatu, tarehe 10

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia ili usije ukasikia kwa watu. Mzee naondoka naye. Gari lina viti viwili, kimoja changu na kingine chake. Kaka hajui, yeye anangoja gari tu, amelijengea banda lenye feni.

Mzee anadhani ameitwa. Nilimwambia, "Mwanao anakutaka kwake," na tangu siku hiyo ananyoa ndevu kila asubuhi kwa ule mkono mmoja mzima, mashavu yote makovu, na shati la safari amelipigisha pasi mpaka limeanza kung'aa. Nikimtazama najisikia vibaya, Shangazi. Nilimwomba tupande basi, akaniambia hawezi kuingia mji wa mwanawe amebanwa na mizigo ya watu, ataingia na gari lake. Kiharusi kimechukua mkono, kimechukua mguu, kiburi kimekiacha.

Mafunzo yanaanza Jumatatu ijayo. Wakimpokea, nakwenda chuo. Wakimkataa, nageuza naye, na nafasi yangu anapewa mwingine, nabaki na mapipa ya mashuka mpaka nizeeke. Nimejiapia kitu kimoja: Kaka akiniuliza hata mara moja tu Mzee anabaki na nani, nitamwambia ukweli wote kabla hatujafika.

Wako,
Dobi

*

Jumanne, tarehe 11

Wewe mtoto,

Marahaba. Barua yako imenichefua, na jirani aliyenisomea naye imemchefua. Kaka yangu ana nusu ya mwili na wewe unamtia kwenye jiko la magurudumu! Ningemchukua mimi, lakini mimi mwenyewe nainuliwa kitandani na watu.

Hata hivyo simlilii sana. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyo mwanawe alimlea kwenye kiti cha mbele. Mvalishe kofia. Mpe maji kila akifumba macho. Na usimwambie uongo mwingine, huo mmoja unatosha.

Wakiwafungia mlango uniandikie. Nitakuja na hii miguu mibovu nimtemee mate huyo mwenye feni.

Shangazi yako

*

Alhamisi, tarehe 13

Kaka,

Nakuandikia kutoka nyumba ya wageni ya njiani, chumba kina kitanda kimoja na dirisha lisilofunguka. Kondakta wa basi la mchana atakuletea barua hii mkononi.

Jana tulipoanza kupanda mlima wa kwanza mshale nao ukaanza kupanda. Nikafanya kama ulivyoniagiza, nikafungua hita. Kaka, nje mbuzi wamelala chini ya lori wanahema, lami imelainika inanata kwenye matairi, na mimi napulizwa moto magotini! Mara ya kwanza kilichotoka hakikuwa hewa. Lilitoka vumbi, yakatoka manyoya, vikatoka vipande vya kiota, vyote usoni na mdomoni. Panya alijifia humo ndani sijui mwaka gani na ndiye aliyenisindikiza safari nzima. Nimetema mpaka mate yameniisha. Usukani haushikiki, nimeuzungushia taulo. Shuka la kiti limenigandia mgongoni, nikishuka nashuka nalo, na viatu vimejaa jasho, nikikanyaga breki vinalia kama chura.

Dereva mmoja wa lori alipunguza mwendo akachungulia, akauliza, "Dada, hiyo hita umewasha kwa makusudi?" Nikamwambia ndiyo. Akafanya ishara ya kuniombea, akaenda zake.

Baadaye gari likazimika lenyewe kwenye tambarare, mahali pasipo na kivuli hata cha mwiba. Petroli inachemka ndani ya paipu kabla haijafika kwenye kabureta. Dawa yake ni kuifunga paipu kitambaa kilicholowa na kusubiri. Nilielekezwa na mtu anayelijua gari hili kuliko wewe.

Sasa nisikufiche. Kiti cha abiria kimelowa. Si maji. Nimekisugua kwa sabuni yangu ya kazini, harufu imepungua lakini alama imebaki, na mshono umeachia kabisa.

Paipu ya juu ya rejeta imepasuka. Nitumie nyingine kwa basi la usiku. Na kama una la kuniuliza, uliza, kondakta ni huyohuyo. Uliza chochote kile.

Dobi

*

Ijumaa, tarehe 14

Mdogo wangu,

Paipu hiyo hapo, na vibano vyake viwili. Kaza lakini usikaze sana.

Umeniharibia siku. Umemwaga nini kwenye kile kiti? Maziwa? Supu? Ngozi ile haijawahi kumwagiwa hata maji ya kunywa, Mzee alikuwa anaipaka mafuta kwa kidole! Au ulimpa mtu lifti? Nilikuandikia wazi kabisa usimpe mtu lifti. Kama ulimpakia mtu mwenye mtoto mchanga niambie, nijue nitumie dawa gani.

Na hilo panya, limetoka lote au kuna kipande kimebaki? Wageni wanakuja kesho saa tisa, watakuwa watu kumi na kitu, meneja mwenyewe atakuja. Siwezi kumkalisha meneja kwenye gari linalonuka. Simama mahali kabla hujafika, ulioshe, utie manukato kidogo.

Wifi yako anakusalimu, ameuliza unapenda kulala upande wenye dirisha au usio na dirisha. Na wewe ukimwandikia Mzee, mpe salamu zangu.

Kaka yako

*

Jumapili, tarehe 16

Shangazi, shikamoo.

Tumefika. Hakuuliza. Aliuliza habari za panya.

Sasa sikia. Jana mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu kuanzia asubuhi, hita tumeifungua mpaka mwisho, Mzee kichwani taulo lililolowa na juu yake ile kofia uliyosema. Njiani alifumba macho mpaka nikaogopa, nikamgusa. Akafumbua macho akasema, "Mama, unabadilisha gia vizuri kuliko kaka yako." Miaka yote ile, Shangazi, ndiyo mara ya kwanza kunisifu kwa lolote. Halafu akatapika mapajani kwangu. Nikasimama pembeni nikamfuta, nikajifuta, nikalia kidogo, tukaendelea.

Kwa Kaka geti lilikuwa wazi. Wageni wamesimama wameshika glasi, wengine na kamera, na banda nyuma yao limefungwa utepe. Nakuapia, utepe! Kaka akaja anapiga makofi, amevaa miwani ya jua. Alimwona Mzee akiwa bado mbali kidogo na mikono ikabaki hewani haijakutana.

Mzee alikuwa ameshainua ule mkono wake mzima. "Nimekuja, mwanangu," akasema, polepole, unajua anavyosema siku hizi, "nimekuja ulivyoniita."

Meneja, jitu moja nene lenye kitambaa cha kufutia jasho, akauliza, "Huyu ni nani?" Na Kaka yangu, mtoto wa mama yangu, akamjibu, "Ni fundi. Mzee mmoja wa kule nyumbani, ndiye alikuwa akilitunza gari."

Shangazi, nimefua mashuka ya watu waliooza miguu. Sijawahi kuhisi nilichohisi pale. Nilitaka kuzima gari nikashindwa kuuona ufunguo, hita ikaendelea kuvuma, na Mzee akashusha mkono wake akauweka mapajani, kwenye matapishi. Kisha akasema, "Basi mpeni fundi maji ya kunywa."

Wifi ndiye aliyeleta. Alitoka jikoni na birika, akamwinamia, akamtazama usoni, akasema, "Baba?" Akamgeukia mumewe. "Si uliniambia Baba amekataa katakata kuja kwetu?"

Hapo nikazima gari.

Sikubaki kusikiliza mengine. Basi langu lilikuwa linaondoka. Wifi alinishika mabega akasema nenda, nenda mwanangu utachelewa, ingawa ni mdogo kwangu. Mzee nimemwacha anaoshwa uso. Kama Kaka amemrudisha kwa nguvu nitajua wiki hii, na nitarudi. Begi sijalifungua.

Dobi

*

Jumatano, tarehe 19

Wifi yangu mpenzi,

Lifungue begi.

Nakuandikia darasani, watoto wanafanya hesabu. Baba hajambo. Daktari amemwona, amepungukiwa maji mwilini, amesema siku mbili zaidi kwenye lile gari ungetuletea maiti. Hilo nitakugombeza ana kwa ana, usidhani limepita. Sasa anakula, ananung'unika uji una maji mno, na kila asubuhi anataka kunyolewa.

Kuna jambo lazima ulijue. Chumba cha Baba kipo tangu alipougua. Nilikipaka rangi, nikanunua kitanda kifupi ili miguu ifike chini, nikafunga na chuma cha kushikia bafuni. Mume wangu akaniambia Baba amekataa, eti hawezi kukaa nyumba ya mwanamke anayefanya kazi. Mwaka uliofuata nikamwomba aandike tena. Akaniambia ameandika, na Baba amejibu kwa matusi. Nikaamini. Nilimchukia baba wa watu bure, Wifi, nilikuwa nikiona picha yake ya harusini naigeuza. Nawe kumbe unaambiwa mimi ndiye sitaki! Tumekalishwa kila mmoja upande wake, tunanuniana, na mtu katikati anajenga banda.

Siku ile wageni walipoondoka nilimuuliza kwa nini. Nilidhani ataniambia sababu. Akasema, "Sitaki watu wamwone vile. Wote ofisini nimewahadithia jinsi alivyokuwa anaendesha." Ndiyo hiyo tu sababu yake, nzima nzima. Nilikwenda nje nikasimama kwanza.

Niliporudi nilimkuta amelala kitandani kwetu, na miwani yake juu ya mto wangu. Nimejaribu, Wifi, nimeshindwa. Nikimwona anatafuna nageuka pembeni. Nikachukua godoro la wageni nikalipeleka bandani. Gari liko uani juani, rangi ya boneti imeanza kubabuka, hakuna anayelijali. Yeye analala mle tangu Jumamosi.

Wifi yako,
Mwalimu

*

Jumatatu, tarehe 24

Mdogo wangu,

Sijui nianzie wapi. Umenidhalilisha mbele ya kazi yangu, lakini hayo nimeyasamehe, nakuandikia kwa upendo.

Nisaidie kuzungumza na wifi yako, wewe anakusikiliza. Dari hili halifai kitu, fundi alinidanganya. Kuanzia saa nne asubuhi humu ni tanuri, na feni imeungua siku ya tatu. Sakafu inanuka rangi. Mbu wanapita kwenye wavu kama hawauoni. Nguo zangu za kazi zinanuka jasho, na jana meneja alivuta kiti chake akakaa mbali na mimi. Chakula naletewa kwenye sahani yenye kifuniko, nakula peke yangu kwenye ndoo niliyoigeuza. Hivi mimi ni nani katika nyumba hii?

Gari nalo linazimika kila nikiliwasha. Nilimfuata Mzee barazani nikamwomba aniambie lile la kitambaa na paipu likoje. Akasema, "Mimi ni fundi tu, bosi. Kamuulize baba yako."

Ananiita bosi! Kila siku! Mwambie aache. Na mwambie wifi yako anifungulie mlango, joto litaniua.

Kaka yako

*

Ijumaa, tarehe 28

Kaka,

Barua yako nimeisoma chuoni, baada ya somo la mvuke. Tumefundishwa kwamba kuna uchafu hautoki kwa sabuni wala kwa maji, mpaka joto lenyewe kali, kwa muda mrefu, na mlango umefungwa. Nikakukumbuka.

Nyumba yenyewe naijua, ndogo. Na Wifi, nikwambie ukweli, hataki. Mwanamke ni mwema, simlaumu. Lakini hatuwezi kukutupa: sakafu ya saruji unayo, wavu unao, na fundi wako alikwambia humo hata mtu angelala.

Ukitaka kurudi ndani, njia ni moja, nami nimeshakubaliana na Wifi. Waalike wale wale wote, pamoja na meneja wako. Waketi. Umlete Mzee barazani umemshika mkono ule uliokufa, sio ule mzima, na useme kwa sauti huyu ni nani kwako. Akikuitikia kwa jina la mwana, mlango utafunguliwa. Asipokuitikia, subiri, ujaribu tena mwezi ujao. Yeye naye anajifunza.

Mpaka hapo, joto likikuzidi usibabaike. Kakae ndani ya Chongo, upande wa abiria, penye ile alama, halafu ufungue hita mpaka mwisho. Utaungua kidogo, lakini utapona.

Dobi